Bonaire ni kisiwa bora au kinachosha? Namna ya kupima maoni ya wapiga mbizi ukiwa Mwanza

Usiku wa mbalamwezi, muulize mvuvi wa dagaa kama ziwani kuna samaki. Atakwambia hakuna, mwezi ukiwa mpevu karabai haina kazi. Muulize mvuvi wa sangara wa mwalo huohuo, naye atakuonyesha samaki aliyemtoa alfajiri. Wote wawili wamesema kweli.

Maoni kuhusu Bonaire, kile kisiwa cha Karibi, yako hivyohivyo. Mmoja anasema hakuna mahali pengine duniani pa kuzamia kutokea ufukweni kama pale. Mwingine anasema alichoka siku ya tatu, kila mahali panafanana na papa hakumwona hata mmoja. Mtu wa Mwanza anayetaka kutumia akiba ya miaka kwa safari hiyo hawezi kuamua kwa kuhesabu waliosifu na waliolaumu. Inabidi achambue kila oni, ajue limetoka kwa nani, mwezi gani, na kwa kuzamia kwa namna gani. Halafu aongeze jambo ambalo wasifiaji na walaumu karibu wote hawalitaji, kwa sababu wao hawatoki kwenye maji baridi yaliyo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari.

Yasiyobishaniwa

Anza kwa kuweka kando mambo ambayo hayategemei ladha ya mtu. Bonaire iko chini ya Uholanzi, kama kilomita 80 kaskazini mwa pwani ya Venezuela. Sarafu yake ni dola ya Marekani tangu 2011. Hifadhi yake ya bahari ilianzishwa mwaka 1979, inakizunguka kisiwa chote, na inaanzia alama ya maji kujaa hadi kina cha mita 60. Uvuvi wa mkuki chini ya maji ulipigwa marufuku tangu 1971. Kila anayezamia hulipa ada ya hifadhi, huhudhuria maelezo, kisha hupiga mbizi ya kwanza ya kujipima kabla ya kuachiwa aende atakako. Glavu haziruhusiwi, na sababu ni ya msingi: mwenye glavu hushika matumbawe, asiye nazo huogopa kuchubuka.

Upande wa magharibi umekingwa na upepo wa mashariki unaovuma sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo maji yake ni tulivu. Upande wa mashariki ni mawimbi. Mtu aliyezunguka Ukerewe kwa mtumbwi anaelewa hili bila kuchorewa ramani: upande mmoja ziwa limechafuka, upande wa pili watoto wanaoga. Kando ya barabara ya magharibi kuna mawe yaliyopakwa rangi ya manjano, yameandikwa jina la kila mahali pa kuzamia. Unakodi gari la pikapu, unapakia mitungi nyuma, unasimama kwenye jiwe unalotaka. Zaidi ya sehemu 50 zinafikika hivyo bila boti. Joto la maji ni nyuzi 26 hadi 29, na mara nyingi unaona mita 25 hadi 30 mbele yako.

Kuna jambo moja watu wa Ulaya na Marekani hawaoni haja ya kulitaja, ilhali kwa sisi wa Afrika Mashariki lina uzito mkubwa. Kupwa na kujaa kwa maji Bonaire hakufiki hata nusu mita. Pwani ya Tanzania, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na ratiba yote ya kuzamia hufuata saa ya maji. Bonaire unaingia saa unayotaka. Uhuru unaosifiwa na wengi umetokana na hali hiyo, pamoja na barabara kupita karibu na maji.

Kuchambua lawama

Ukisoma au kusikia oni, tafuta majibu ya maswali haya: alizamia mwezi na mwaka gani, kabla ya hapo alikuwa amezamia wapi, aliingia kwa miguu au kwa boti, alipiga mbizi ngapi, na alitarajia kuona nini. Oni lisilojibu hata matatu kati ya hayo, liache. Yanayobaki yanaangukia kwenye lawama chache zinazojirudia.

*"Hakuna samaki wakubwa."* Ni kweli. Papa ni nadra. Utaona kasa, mikunga, pono kwa makundi, chewa wadogo, tarponi wenye urefu wa mtu hasa usiku, na ukiwa na jicho la subira, farasi wa baharini. Anayelalamika kwa kawaida ametoka kwenye maji ya papa na taa. Kama ndoto yako ni mnyama mkubwa, Bonaire si kwako, na huna haja ya kuvuka Atlantiki kumtafuta: papa potwe wanafika Mafia kila msimu, kwa wingi kati ya Oktoba na Machi, na huonwa kwa kuogelea juujuu bila mtungi.

*"Sehemu zote zinafanana."* Kuna ukweli nusu. Umbo la chini kwa upande wa magharibi ni moja karibu kote: mchanga na matumbawe madogo hadi kina cha kama mita 10, kisha mteremko unaoshuka mpaka mita 30 au 40. Mtu akizamia sehemu sita za katikati ya kisiwa kwa kina kilekile cha mita 18, ataona picha ileile mara sita. Tofauti hupatikana kwa kuchagua. Hilma Hooker ni meli ya mita 72 iliyozama tarehe 12 Septemba 1984, imelala ubavu kwenye mchanga wa kama mita 30. Gati la chumvi la kusini lina nguzo zilizojaa sponji za rangi, ila huruhusiwi kuingia meli ikiwa inapakia. Klein Bonaire, kisiwa kidogo kisicho na wakazi, hufikiwa kwa boti. Anayesema pote panafanana, mwulize kama alifika kwenye hizo tatu.

*"Matumbawe yamekufa."* Hapa tarehe ndiyo kila kitu. Kisiwa kiko nje ya njia ya kawaida ya vimbunga, lakini kimbunga Lenny cha Novemba 1999 na Omar cha Oktoba 2008 vilileta mawimbi upande wa magharibi usiozoea mawimbi, vikavunja matumbawe ya kina kifupi. Mwaka 2023 ukathibitishwa ugonjwa unaoua matumbawe magumu ambao ulikuwa umeshaenea sehemu nyingine za Karibi, na joto la maji la mwaka huohuo likayapausha yaliyobaki. Sifa za mwaka 2015 hazikuhusu, hata kama aliyezitoa ni mkweli wa wakweli. Tafuta maoni ya miezi 12 iliyopita, na yule anayetaja kina. Aliyesema "mita 5 pamevunjika, mita 15 pazima" amekusaidia kuliko aliyeandika kurasa mbili za huzuni.

*"Kuingia majini ni mateso."* Inategemea miguu, umri na viatu. Ufuko mwingi si mchanga, ni mawe ya matumbawe yaliyokufa na vipande vinavyoteleza. Mtu mwenye mapezi ya kuvaa bila viatu, yale ya soli laini, atalia. Ile sehemu iitwayo 1000 Steps ina ngazi zisizofika 70, lakini ukizipanda na mtungi wa kilo 15 mgongoni kwenye jua la saa 7 mchana utaelewa aliyeibatiza alikuwa na hali gani.

*"Wizi."* Ndiyo, kuna udokozi kwenye magari yaliyoegeshwa. Wenyeji huacha vioo wazi na hawaachi kitu ndani, kwa sababu kioo kilichovunjwa ni gharama kuliko kilichoibwa. Pasipoti, simu na fedha vibaki ulikofikia. Lawama hii haigeuzi ubora wa maji, ichukulie kama taratibu tu.

Kuna na sifa moja ya kuchambua: *"Nilikaa chini dakika 70 kila mbizi."* Piga hesabu. Mtungi wa kawaida wa alumini una lita 11 na hujazwa hadi bari 200 (bari ni kipimo cha mgandamizo), yaani kama lita 2,200 za hewa. Ukibakiza bari 50 za akiba, una lita 1,650. Mpiga mbizi mpya hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Kwenye mita 10 mgandamizo ni maradufu, hivyo lita 40 kwa dakika, sawa na dakika 41. Kwenye mita 20 ni lita 60, sawa na dakika 27. Aliyekaa dakika 70 huenda ana mbizi mia na zaidi nyuma yake, tena alikaa kina kifupi. Usiahirishe furaha yako kwa kulinganisha dakika.

Unayetoka ziwani, rekebisha haya

Hapa ndipo maoni ya wengine, hata yaliyo sahihi, yanaweza kukuponza.

Risasi za kiunoni, vile vizito vya kukuzamisha. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa asilimia 2.5 hivi, na yanakuinua zaidi. Chukua uzito wako na vifaa vyote, zidisha kwa 0.025. Mtu wa kilo 70 mwenye vifaa vya kilo 25 anapata kilo 2.4. Kwa hiyo kama kwenye bwawa la kuogelea la Mwanza ulikuwa sawa na kilo 4, baharini anza na kilo 6 au 6.5 ukiwa na vazi lilelile. Kosa la kawaida ni kujipima mwanzoni, mtungi ukiwa umejaa. Mtungi wa alumini ukikaribia kuisha unaelea, hubadilika kwa zaidi ya kilo 2. Jipime mwisho wa mbizi, ukiwa na bari 50: toa hewa yote kwenye jaketi la kuelea, vuta pumzi ya kawaida, maji yawe usawa wa macho. Ukipanda mwenyewe kama chupa tupu kwenye mita 5 za mwisho, ongeza kilo 1. Ukizama kama nanga huku unavuta pumzi, punguza.

Macho. Maji ya ghuba ya Mwanza huonyesha mita 1 hadi 3, karibu na mwalo hata chini ya hapo. Aliyezoea hayo akitumbukia kwenye maji ya mita 30 hupoteza kipimo cha kina. Chini panaonekana karibu, anashuka bila kuhisi, anatazama kipimo cha mkononi anakuta mita 27. Kwa siku mbili za kwanza angalia kina kila baada ya pumzi tano au sita, na weka kikomo: mita 18 kama cheti chako ni cha kwanza, mita 30 kama umepanda daraja.

Mwinuko. Juu ya ziwa letu hewa ina mgandamizo wa kama asilimia 87 tu ya ule wa usawa wa bahari. Majedwali ya kawaida ya kuzamia, yanayoonyesha muda wa kukaa chini, yametengenezwa kwa bahari, na juu ya mita 300 yanahitaji marekebisho. Mita 18 za ziwani, kwa upande wa naitrojeni ya hewa inayoingia mwilini, zinahesabiwa kama mita 20 na ushee. Kompyuta nyingi za mkononi hujirekebisha zenyewe, baadhi hutaka uziweke kwa mkono. Ukitoka Mwanza kwenda Bonaire hakikisha yako haikubaki kwenye mpangilio wa ziwani, na ukirudi hakikisha haikubaki kwenye wa bahari. Ukikosea kwa kurudi ndiyo hatari, maana itakuruhusu muda ambao mwili wako hauna.

Ziwa lenyewe kama mahali pa mazoezi: tumia bwawa. Mwambao wenye nyasi na konokono una kichocho, na viluwiluwi vyake hutoka zaidi jua likiwa kali, kuanzia asubuhi ya saa 4 hadi alasiri. Mamba nao wapo. Ukilazimika kuingia ziwani, nenda na boti maji marefu mbali na nyasi, jikaushe kwa taulo mara unapotoka, na wiki 6 hadi 8 baadaye pima hospitali upewe praziquantel ikihitajika. Kumeza mapema mno hakufai, kwa kuwa dawa haiui minyoo ambayo haijakomaa.

Pima ladha yako karibu kwanza

Ushauri wetu ni usiende Bonaire kwa mbizi yako ya kwanza ya bahari. Kamilisha kozi ya mwanzo Zanzibar, Pemba au Mafia. Utahitaji fomu ya afya, kuogelea mita 200 bila kupumzika, kuelea dakika 10, mazoezi ya bwawani na mbizi nne za bahari. Ongeza mbizi zingine nne, kisha jikague. Pemba ina kuta na mikondo yenye nguvu. Kama ulifurahia ule mkondo kukubeba, Bonaire itakuchosha, na anayeiita ya kuchosha ni ndugu yako wa ladha. Mafia, ndani ya ghuba ya Chole, ni matumbawe, samaki wadogo na muda wa kutazama. Kama ulitoka pale ukitaka kurudi kwenye jiwe lilelile umtafute yule mkunga, basi sikiliza wanaoisifu Bonaire. Na kama kilichokuudhi ni kuamriwa na nahodha uingie na utoke lini, umeshapata jibu: pikapu na jiwe la manjano vimetengenezwa kwa ajili yako.

Chagua mwezi kwa kuangalia upepo. Bonaire hupata mvua zaidi Oktoba hadi Januari, nayo miezi ya Septemba hadi Novemba upepo hulegea. Upepo ukilegea ni raha, ila ukigeuka na kuvuma kutoka magharibi, siku hizo chache upande mzuri unachafuka. Panga siku 8 badala ya 5 ili siku mbili zikiharibika usirudi na oni la hasira. Kuhusu visa, kisiwa hakimo katika eneo la Schengen, hivyo ulizia visa ya Karibi kwenye ubalozi wa Uholanzi Dar es Salaam mapema, na beba kadi ya njano.

Kuingia kutokea ufukweni

Viatu vya soli ngumu, mapezi ya mkanda wa nyuma, vazi la milimita 3. Kabla ya kuvaa chochote, simameni mtazame maji dakika 10. Hesabuni mawimbi: huja kwa makundi, kisha kuna utulivu. Chagueni alama mbili za nchi kavu zinazolingana, mfano jiwe na nguzo ya umeme, ndiyo mlango wenu wa kurudi. Fungueni mitungi, kila mmoja avute pumzi nne huku anatazama geji. Sindano ikicheza, mtungi haujafunguliwa vizuri.

Utulivu ukija, ingieni mkishikana mabega, regulata (kifaa cha kuvutia hewa) mdomoni na jaketi likiwa na hewa nusu, mapezi mkononi. Burutisheni miguu, msiinue. Maji yakifika kiunoni, mmoja anavaa mapezi huku mwenzake amemshika, kisha mnabadilishana. Wanaoanguka ni wale wanaovaa mapezi nchi kavu wakatembea nayo juu ya mawe.

Shukeni, tazameni mkondo unapeleka wapi majani ya baharini, na muanze kwenda kinyume chake. Mtungi ukifika bari 130 geukeni, mkondo uwarudishe. Kama mkondo umegeuka njiani, jambo ambalo hutokea pale, bado mna hewa. Pandeni taratibu, mita 9 kwa dakika au pungufu, simameni mita 5 kwa dakika 3, ambako Bonaire ni sehemu yenyewe ya kutazama samaki. Kati ya sehemu moja na nyingine osheni vifaa vyote, msibebe ugonjwa wa matumbawe kwenye maji ya nguo.

Kurudi Mwanza

Sheria ya kuruka kwa ndege baada ya kuzamia inajulikana: baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima (kusimama njiani ukipanda ili naitrojeni itoke mwilini), subiri angalau saa 12, baada ya mbizi za siku kadhaa, angalau 18, baada ya mbizi yenye vituo vya lazima, zaidi ya hapo, na 24 ndiyo salama. Wengi hudhani hilo ni jambo la ndege tu. Tahadhari inaanzia mwinuko wa mita 600, na Mwanza iko 1,134. Aliyezamia Zanzibar asubuhi, akavuka kwa boti mchana, akapanda treni ya umeme ya jioni kwenda Dodoma, amejipandisha zaidi ya mita 1,100 ndani ya saa nne. Basi la Mwanza nalo hupita hukohuko. Kwa mwili, hiyo ni sawa na kuruka.

Kwa Bonaire, panga hivi. Ndege ikiwa ya Ijumaa usiku, mbizi ya mwisho iwe Alhamisi na uwe umetoka majini saa 5 asubuhi. Saa 18 zinatimia alfajiri ya Ijumaa saa 11, na 24 zinatimia saa 5 asubuhi. Ijumaa yenyewe kausha vifaa, tembea na kunywa maji, pombe iache.

Ukifika nyumbani, maumivu ya bega au goti yasiyo na sababu, ganzi, kizunguzungu, vipele vyenye madoa au uchovu usio wa kawaida ndani ya saa 24 usivisingizie safari ndefu. Lala chali, upewe oksijeni safi haraka, na ukifika Bugando au hospitali iliyo karibu sentensi yako ya kwanza kwa daktari iwe kwamba umezamia kwa mtungi, siku gani, na kina gani. Usirudi majini kujaribu kuyatuliza. Na kama unataka kuzamia ziwani baada ya kutoka Dar, kaa kwanza saa 6 Mwanza, mwili uzoee hewa ya huku, ndipo uguse maji.